Anza na Kisichokungoja: Maswali ya Wasomaji wa Mtwara na Lindi Kuhusu Muda na Kazi

Barua za mwezi huu kutoka kusini zinalia kilio kimoja: siku haitoshi. Tumechagua tano. Tumezijibu kwa hesabu, kwa sababu anayelemewa na kazi akiambiwa tu "jipange" hajasaidiwa kitu.

Mikorosho 120 na kengele ya shule

Swali: Habari za kazi wahariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina mikorosho 120. Kila mwaka naanza kupuliza salfa vizuri, lakini kufika mzunguko wa tatu mambo yanavurugika. Mara upepo, mara kijana wa mashine kachukuliwa na mtu mwingine, mara zamu ya shule. Mzunguko mmoja hunichukua asubuhi tatu. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unamaliza maua huku natazama. Nipangeje? (Mwalimu, Tandahimba)

Jibu: Mwalimu, umetupa namba mbili zenye thamani kubwa: miti 120 na asubuhi tatu. Wengi wanaotuandikia hawajui kazi yao huchukua muda gani. Wewe unajua, na hapo ndipo mpango unapoanzia.

Tenga kwanza mambo yako mafungu mawili. Kuna yasiyokungoja: umande, upepo, ubwiriunga wenyewe, kengele ya shule. Kuna yanayokungoja: kununua dawa, kutengeneza mashine, kutafuta petroli, kusahihisha madaftari. Mambo huharibika pale ya fungu la pili yanapofanywa katika saa za fungu la kwanza. Unga wa salfa hushika vizuri majani yakiwa na umande na hewa imetulia, kwa hiyo kazi huanza kunapopambazuka na hukoma upepo ukianza kuchezesha matawi. Mwezi Juni huku kusini jua huchomoza kama saa 12 na nusu. Saa zako za kazi ni chache, na Jumamosi ukiamkia kutafuta petroli umezitupa.

Sasa hesabu. Mizunguko ya salfa hupishana siku 14, na kwa kawaida ni mitano. Ndani ya siku 14 una asubuhi nne zisizo na shule: Jumamosi mbili na Jumapili mbili. Unahitaji tatu. Maana yake unayo moja ya akiba, na hiyo moja ndiyo umekuwa ukiipoteza bila kujua kwamba unayo.

Gawa shamba mafungu matatu ya miti 40 na upake chokaa kwenye mti wa kwanza wa kila fungu. Fungu la kwanza lipulizwe Jumamosi ya wiki ya kwanza, la pili Jumapili yake, la tatu Jumamosi ya wiki ya pili. Jumapili ya wiki ya pili iache wazi. Usiipangie harusi wala palizi. Ukirudi kwa mtindo huohuo, kila mti unapata dawa baada ya siku 14 kamili. Mizunguko mitano ni wiki 10.

Siku moja ikiharibika, wengi husukuma mafungu yote mbele, na shamba zima linachelewa kwa sababu ya asubuhi moja. Usifanye hivyo. Fungu lililokosa ndilo lihamie siku ya akiba, mengine yabaki yalipo. Tangu hapo fungu hilo siku yake ni ile mpya, na siku yake ya zamani ndiyo inakuwa akiba. Akiba imehama tu, haijapotea. Likizo ya katikati ya mwaka ikiwa bado inaendelea, usingoje hata akiba; fidia Jumatatu yake.

Vifaa: kwa mkorosho mkubwa kiasi kinachotumika ni hadi gramu 250 kwa mzunguko mmoja. Miti 40 ni kilo 10 kwa asubuhi moja, shamba zima kilo 30, mizunguko mitano kilo 150, yaani mifuko sita ya kilo 25. Miti midogo hutumia pungufu, na afisa ugani wa kata yenu akiliona shamba atakurekebishia. Dawa yote iwe ndani kabla ya mzunguko wa kwanza. Wanaonunua mfuko mmojammoja huishiwa wakati ambao kila mtu wilayani anautafuta mfuko huohuo.

Mashine ijaribiwe Alhamisi jioni. Plagi ikiwa imekufa, una Ijumaa nzima ya kumwona fundi. Ukijaribu Ijumaa usiku huna kitu. Petroli iliyochanganywa oili, barakoa, miwani na kilo 10 zilizokwisha kupimwa vilale pamoja. Kijana wa mashine mpe asubuhi zote 15 kwa mara moja, zimeandikwa, na malipo ya kutanguliza. Anayeambiwa "nitakupigia" huenda kwa aliyempa tarehe, na hatuwezi kumlaumu.

Kuhusu zamu, zungumza na mwalimu mkuu kabla orodha haijabandikwa. Kubadilishana zamu ambayo haijaandikwa ni jambo la dakika tano. Ikishabandikwa, unaomba hisani ya mtu.

Tarehe ya kuanza tu ndiyo hatukupi. Hiyo husema mti, machipukizi mapya na mashada ya maua yanapoanza kutoka. Tangu siku hiyo hesabu 14, 14, 14.

Fundi na usiku wa kuamkia Idi

Swali: Mimi ni fundi cherehani Lindi mjini. Kila Ramadhani nachukua nguo nyingi, usiku wa kuamkia Idi silali, na bado wapo wateja wanaochukua kitambaa chao kwa hasira. Mwaka jana nilipokea magauni 40. Gauni moja hunichukua kama saa nne toka kukata mpaka pasi. Nashona saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, halafu saa mbili nyingine baada ya tarawehe. Ni uvivu au nina mkosi? (Fundi, Lindi)

Jibu: Dada fundi, si uvivu wala mkosi. Uliahidi kazi isiyoingia katika mwezi, na ulishindwa siku ile ulipopokea gauni la mwisho, si usiku wa Idi.

Tazama. Saa tano za asubuhi na mbili za usiku ni saba. Toa mteja aliyekuja "kuchungulia tu", kupima, kufumua palipokosewa, umeme uliokatika, uzi uliokwisha. Zinazobaki za sindano yenyewe tunazikadiria tano. Usituamini bure: siku tatu mfululizo andika saa ulipokaa kwenye cherehani na saa ulipoinuka, ujumlishe. Ukipata nne, tumia nne.

Ramadhani ina siku 29 au 30, na mwezi ndio unaoamua. Kwa hiyo fundi humaliza tarehe 27. Anayepanga kumaliza tarehe 29 amepanga kwa mwezi ambao haujaonekana. Katika siku hizo 27 toa Ijumaa nne, na toa siku moja kwa mtoto atakayeugua au mkanda wa cherehani utakaokatika. Zimebaki 22. Mara saa tano ni saa 110. Magauni 40 kwa saa nne ni saa 160. Ulikuwa umepungukiwa saa 50, na saa 50 hazipatikani kwa kukesha usiku mmoja.

Saa 110 ukigawa kwa nne unapata magauni 27 na kidogo. Ahidi 24. Saa za yale matatu ni za kurekebisha yaliyobana na kupanua yaliyokosewa vipimo.

Chukua daftari, andika namba 1 hadi 24 kabla mteja yeyote hajaja. Kila mstari uwe na jina, simu, vipimo, malipo ya awali na tarehe ya kuchukua. Tarehe kamili, mama, si "kabla ya Idi". Wagawe: sita wachukue tarehe 8, sita tarehe 15, sita tarehe 22, sita tarehe 27. Wote wakiambiwa "kabla ya Idi" watakuja siku moja, na siku hiyo hutashona, utajibu maswali. Mstari wa 24 ukijaa, mwonyeshe mteja daftari. Namba anayoiona mwenyewe hupunguza ubishi kuliko maneno yako.

Wasiopata nafasi wakaribishe Shaabani. Kila gauni linaloshonwa Shaabani limetoka kwenye foleni ya Ramadhani, na hata ukilipunguzia bei kidogo umefaidika.

Kuhusu kazi yenyewe, usikate gauni moja ukalishona, ukakata lingine. Kata sita siku moja, mezani ukiwa umetandika mara moja. Yapange kwa rangi: meusi na bluu pamoja, mekundu na ya pinki pamoja, ili usibadilishe uzi kila baada ya saa, hasa kwenye ovaloki yenye koni tatu au nne. Kisha shika kanuni moja ngumu: gauni halikatwi kama zipu, bitana na vifungo vyake havijafika. Angalia msumari wa ukutani kwako. Tunaamini mengi yaliyoning'inia hapo hayakukwama kwa kukosa muda wako, yamekwama kwa zipu. Yalikula saa zako tatu na hayajaingiza hela.

Wa kuchungulia wape saa moja tu kwa siku, tuseme baada ya alasiri, na ubandike karatasi mlangoni.

Saa tatu ya simu

Swali: Shikamooni. Niliandikiwa usaili "saa 3:00" kwenye ujumbe, nikaweka kengele ya simu 03:00. Iliniamsha usiku wa manane, nikaizima, nikalala, nikachelewa. Nifanyeje nisikosee tena? (Kijana, Mtwara mjini)

Jibu: Marahaba. Saa ya simu huanza kuhesabu saa 6 usiku. Saa yetu huanza jua linapochomoza na linapozama. Tofauti ni sita. Asubuhi na mchana, ongeza sita kwenye saa ya Kiswahili: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 8 mchana ni 14:00. Jioni ni vilevile: saa 10 jioni ni 16:00. Usiku wa mapema, ongeza 18: saa 2 usiku, ambayo ni mbili baada ya 18:00, ni 20:00. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa sita: saa 9 usiku ni 03:00, saa 11 alfajiri ni 05:00.

Ukipokea miadi, jibu kwa kuandika zote mbili: "Nitafika saa 3 asubuhi, yaani 09:00, Jumanne." Aliyekusudia vingine atakusahihisha palepale. Safari za usiku zina mtego wa pili. Wazee wetu wakisema "usiku wa Ijumaa" mara nyingi wanamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, lakini kijana wa kukata tiketi aweza kumaanisha usiku unaofuata. Uliza tarehe, si jina la siku. Na simu ilale mbali na kitanda, nje ya chandarua, ili uinuke kuizima.

Ratiba ya wiki baharini

Swali: Mimi ni mkulima wa mwani, pia nina genge. Binti yangu ameniandikia ratiba kama walivyofundishwa chuoni: Jumatatu na Jumanne mwani, Jumatano genge, na kuendelea. Wiki ya kwanza ilikwenda. Ya pili nimefika baharini maji yamejaa. Nimeiacha. Au kupanga ni kwa wenye ofisi? (Mama wa mwani, Kilwa)

Jibu: Mama, binti yako amefanya jambo jema, ila amekupa kalenda ya ofisi na bahari haina Jumatatu. Mwambie aandike upya kwa mwezi mwandamo. Unayajua maji kuliko sisi. Tunachofanya hapa ni kuyaweka kwenye karatasi ili na wengine nyumbani wayaone.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana, na kwenye pwani yetu kupwa kwa mchana huangukia karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa, kwa wastani dakika 50. Ndiyo maana Jumatatu ya kwanza ilikuwa nzuri na ya pili ikakukatalia: baada ya wiki moja maji yamesogea kwa muda wa karibu saa sita. Na zaidi ya kusogea, yamekuwa maji mafu, hayapwi vya kutosha kufika kwenye mistari yako ya mwani.

Basi chora safu 30 kwenye karatasi, tarehe za mwezi mwandamo. Kuanzia siku ya kuandama hadi kama tarehe 4, na tena kama tarehe 14 hadi 18, andika BAHARI. Kwenye siku hizo usiweke kitu kingine asubuhi, si genge, si kliniki, si mkutano wa kikundi. Genge lifunguliwe alasiri au lishikwe na mtu. Tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 25 andika NCHI KAVU: kukata kamba, kufunga taitai (vile vikamba vya kufungia mwani), kuchonga vigingi, kwenda mjini kununua bidhaa za genge, kuuguza, kutembelea ndugu. Kazi za nchi kavu zisipokwisha maji mafu, bamvua litakukuta umekaa ufukweni unafunga kamba huku maji yanarudi. Hapo ndipo muda wa mkulima wa mwani unapopotea, na wanaoona kwa mbali husema mnachelewa kuamka.

Mwani huhitaji kama siku 45 hadi kuvunwa. Bamvua mbili hupishana kwa siku 14 au 15, kwa hiyo mistari uliyopanda bamvua hili huivuni linalofuata wala la pili yake. Unavuna la tatu. Ukigawa mistari yako mafungu matatu na kupanda fungu moja kila bamvua, kuanzia la tatu utavuna fungu moja na kupanda fungu moja kila mara, na hutakuwa na mlima wa mwani mbichi wa kukausha kwa pamoja. Kukausha nako hakungoji: kunataka siku mbili tatu za jua. Mwezi Machi na Aprili, mvua zikiwa nyingi, punguza fungu la kuvuna au uwe na turubai tayari.

Ripoti isiyokwisha

Swali: Shikamooni wahariri. Ninasoma chuo hapa Mtwara, naandika ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho. Kila sura naipa wiki moja, inachukua mbili. Najiona mzembe. Nimebakiwa na wiki 10 na sura tatu. Natumia simu kuweka ratiba, lakini haisaidii. (Mwanafunzi, Mtwara)

Jibu: Marahaba. Jambo lako lina jina katika utafiti, kwa Kiingereza "planning fallacy", tangu mwaka 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walipoeleza jinsi watu wanavyokadiria muda kwa kuwaza kazi itakavyokwenda vizuri, bila kukumbuka ilivyokwenda zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini ripoti zao za mwisho. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yote yakienda vibaya, walisema siku 48.6. Kwa hiyo acha kujiita mzembe, na acha kukadiria kwa kuwaza. Sura zako zilizopita zilichukua wiki mbilimbili. Basi sura ni wiki mbili, hadi daftari lako lionyeshe vingine.

Sura tatu ni wiki sita. Una 10. Nne zilizobaki zisikufurahishe, kwa sababu kuna muda ambao si wako: wa msimamizi kusoma. Muulize leo husoma sura kwa siku ngapi. Akisema siku 10, usingoje. Mpelekee sura ya kwanza mwishoni mwa wiki ya pili na uanze ya pili siku hiyohiyo. Kazi inayopitia mikononi mwa mtu mwingine ndiyo itangulie kila mara: barua ya kibali, dodoso linalosubiri kurudi, takwimu unazoomba ofisi fulani. Wewe lala, yao iwe inaendelea. Wanaoanza na sehemu wanazozipenda, kama kupamba jalada na kupanga marejeo, huja kukwama mwishoni wakisubiri sahihi moja.

Sura nayo ivunje. "Kuandika sura ya nne" haifanyiki Jumanne jioni; kinachofanyika ni "kuchora jedwali la swali la 1 hadi la 5 na kuandika aya mbili chini yake". Kazi ikiandikwa hivyo unajua imekwisha au haijaisha. Siku za kukosa hamu, jaribu mtindo alioanzisha Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi moja, dakika tano za kupumzika, na baada ya mizunguko minne mapumziko marefu zaidi. Simu iwe chumba kingine. Saa ya ukutani inatosha. Hapo ndipo ratiba ya simu ilipokushinda: kila ukiifungua kutazama ratiba, unakutana na jumbe.

Kazi za kompyuta zipange kwa saa ambazo umeme kwenu hausumbui sana, na za karatasi, kama kusoma na kusahihisha kwa kalamu, ziwe tayari kwa saa za giza. Nakili faili kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe kila jioni.

Wiki ya tisa iwe ya marekebisho ya msimamizi peke yake. Wiki ya 10 ni ya kuchapa na kufunga vitabu, nayo ifanyike siku tano kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu siku mbili za mwisho darasa lote litakuwa kwenye steshenari zilezile, na wino ukiisha hapo hakuna wa kumlalamikia.